Siku ya Kulizomea Basi

Siku shule zinapofunguliwa, mwishoni mwa Agosti, watoto wa huku kwetu Mill Fork husimama kando ya barabara na mikoba mipya, nyuso zimenuna. Wa Joelle Strayer hawanuni. Wao siku hiyo hawavui nguo za kulalia. Wanakula pankeki mpaka shira inawachuruzika viwikoni, kisha wanabeba sufuria na miiko, wanajipanga mbele ya ua, na basi la njano likipita wanalizomea. Huo ndio mchezo wao wa kufungulia msimu. Baada yake huja kuchuma matufaha, kisha kuchonga maboga, kisha theluji, na Joelle huviita vyote hivyo masomo.

Sina ugomvi na mtu anayewafundisha wanawe nyumbani. Wako wanaofundisha vizuri kuliko shule, na katika ushirika wa familia hizo kuna watoto wanaokutajia nyota moja moja kwa majina. Lakini kulizomea basi, jamani, na dereva wa basi lenyewe ni mama mkwe wako! Hapo mimi nilishindwa kuelewa, na nikimwangalia Joelle akicheka nilishindwa zaidi.

Verna Strayer alilishika basi hilo tangu mwanawe Lyle akiwa kijana wa kupanda ndani yake. Kila mwaka alipita mbele ya nyumba ya mwanawe macho mbele, mikono kwenye usukani, huku wajukuu wake mwenyewe wakimpigia sufuria. Jioni alimpigia Lyle simu. "Mkeo kanitukana tena." Na Lyle, ambaye kazi yake ni kupiga plasta na tabia yake ni kukwepa, alijibu neno lile lile: "Mama, ni mchezo tu wa watoto."

Mwaka huu mchezo ulikuwa mkubwa zaidi. Joelle alialika familia zote za ushirika wa wanaosomea nyumbani, maana wiki iliyofuata walikuwa wanachagua kiongozi na yeye aliutaka uongozi huo kwa roho yake yote. Ua ulijaa akina mama waliovaa magauni ya kulalia na viatu vya mpira, vikombe vya kahawa mkononi. Watoto walikimbizana kwenye umande. Jikoni, tangu alfajiri, Keziah binti mkubwa wa nyumba alikuwa amesimama mbele ya kikaango.

Keziah alikuwa na miaka kumi na minne, na kitu kimoja tu alichokitaka: kwenda shule. Alimwomba mama yake tangu Juni. Aliomba kwa upole, akaomba kwa machozi, akaomba kwa kununa. Jibu halikubadilika.

"Binti yako ana mikono ya dhahabu, Joelle," alisema Renae Bockman, jirani yao na mpinzani wa Joelle katika uchaguzi ule, ingawa usingewajua kwa jinsi walivyokumbatiana. "Wangu hata yai hajui kukaanga."

"Ndiyo faida ya kukaa nyumbani," Joelle akajibu. "Shule ingemfundisha nini huyu? Matusi?"

"Hesabu," Keziah akasema bila kugeuka.

Akina mama wakacheka, wakidhani ni utani. Joelle hakucheka. Alimsogelea bintiye karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Hayo tulishayamaliza."

"Uliyamaliza wewe."

"Usinitie aibu mbele za watu, Keziah. Zima jiko, chukua sufuria, toka nje ucheke kama wenzako."

Keziah akazima jiko.

Basi lilitokea kwenye kona ya kanisa. Kelele zikaanza. Ndugu zake Keziah, Asa wa miaka tisa na Jotham wa miaka saba, walizipiga sufuria mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. "Poleni! Poleni!" watoto wa ushirika waliimba. "Nendeni mkafungiwe!" Renae alikuwa ameinua simu anarekodi.

Keziah aliiweka sufuria yake chini kwenye majani, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, akanyoosha mkono kama anavyofanya mtu anayetaka gari lisimame.

Verna akakanyaga breki. Taa nyekundu zikawaka, kibao cha kusimamisha magari kikachomoza ubavuni, na lori la maziwa lililokuwa nyuma likasimama kwa mlio. Mlango ukafunguka. Keziah akapanda akiwa na pajama yake ya rangi ya maziwa iliyochorwa bata.

"Oya, bata huyo!" mtu akapiga kelele kutoka viti vya nyuma. "Kafika bata!"

"Bibi, nipeleke shule."

"Mama yako anajua?"

"Namwambia tangu Juni."

"Kujua na kukubali ni vitu viwili. Shuka, mjukuu wangu. Utaniponza."

"Basi nakwenda kwa miguu."

Verna aliijua barabara ile, malori ya mbao yanavyokata kona zake. Akainua macho. Akamwona mkwewe anakuja mbio, gauni la kulalia linapepea, sufuria bado mkononi. Mimi naamini Joelle angekuja mikono mitupu, yule bibi angemshusha mtoto na mambo yangeishia pale. Lakini alikuja na sufuria.

"Mshushe mwanangu!"

"Ondoa mguu kwenye ngazi," Verna akasema. "Mzazi haruhusiwi kupanda basi. Ni sheria."

"Usinifundishe sheria! Mwizi wa watoto mkubwa wewe!"

"Na wewe uko barabarani na gauni la kulalia. Rudi ndani, watu wanakutazama."

"Keziah, shuka! Nakuhesabia mpaka tatu!"

"Nitashukia shuleni, mama."

Basi zima likalipuka kwa vicheko na makofi. Verna akafunga mlango. Joelle akabaki katikati ya barabara, lori la maziwa linampigia honi, na nyuma yake akina mama wa ushirika wamenyamaza kimya. Renae peke yake ndiye aliyesema. "Maskini," alisema, na simu hakuishusha.

Joelle aliwaacha wanawe kwa wageni, akavaa koti juu ya lile lile gauni, akaingia kwenye gari. Njiani alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mumewe. "Mama yako kaiba mtoto wangu. Njoo shuleni sasa hivi, na safari hii usiniambie ni mchezo." Ya pili ilikuwa kwa shule.

Shule yetu ni ndogo, kwa hiyo makamu wa mkuu, Bwana Hatch, ndiye pia msimamizi wa mabasi. Aliwakuta wote wanne ofisini kwake. Verna alikuwa amekaa wima, funguo za basi mapajani. Keziah alikuwa kwenye kiti cha pembeni, miguu ameikunja chini ya kiti ili wanaopita dirishani wasimwone bata zake. Lyle alisimama mlangoni, vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi kama aliyekuja kuomba kazi. Joelle alikataa kukaa.

"Hapa kuna mambo mawili," Bwana Hatch alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingia ugomvi wa ukoo. "La kwanza, binti anataka kuandikishwa. Saini ya mzazi mmoja inatosha. La pili ni zito. Dereva haruhusiwi kumbeba mtoto asiye wetu bila idhini ya mzazi. Mama, ukisema ulitoa idhini, mkapishana tu maneno, mimi sina kesi. Ukisema hukutoa, Bi Verna anakabidhi funguo leo."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Joelle alitulia. Akaketi. Akalifunga koti vizuri kifuani.

"Tupishe kidogo, Bwana Hatch. Niongee na watu wangu."

Hatch alitoka haraka, na simlaumu.

"Keziah," Joelle alisema, "sikiliza vizuri. Ukinyanyuka sasa hivi tukaenda nyumbani, nitamwambia yule bwana kwamba nilimruhusu bibi yako. Ukibaki hapa, nitamwambia ukweli."

"Unamfanyia hivyo mtoto?" Verna akauliza.

"Sisemi na wewe."

"Joelle," Lyle akasema, "huyo ni mama yangu."

"Na huyu ni binti yangu. Wewe ni wa nani, Lyle? Tangu tuoane nakuuliza, hujanijibu."

Lyle akatazama viatu vyake. Vumbi jeupe lilikuwa limedondoka kwenye zulia la Bwana Hatch, na yeye alianza kulifuta kwa ncha ya kiatu, akilizidisha.

"Mama," Keziah akasema, "jana nilimfundisha nini Asa?"

"Hayo yanaingiaje hapa?"

"Nijibu tu. Jana. Alijifunza nini?"

"Hesabu."

"Hesabu gani?"

Joelle akalivuta koti, akalifunga tena.

"Na Jotham, anasoma kitabu gani siku hizi? Kitaje hata jina."

"Usinihoji mimi kama polisi!"

"Mwaka wa pili huu, mama. Wewe uko kwenye vikao vya ushirika, uko kwenye simu, unapanga safari ya maboga ya watu wote. Wewe ni mwalimu wa kwenye picha tu. Mimi ndiye mwalimu wa nyumba ile. Na nawafundisha kugawanya kwa sababu na mimi niliishia hapo hapo kwenye kugawanya. Mimi nani ananifundisha?"

Maneno hayo yalimwingia Joelle. Yalimwingia, nasema, kwa sababu alipofungua mdomo sauti yake haikuwa ile ya barabarani.

"Huna shukrani," alisema. "Herufi zako zote nimekufundisha mimi, kwenye unga, kwa kidole, mezani kwangu. Unajua nilivyofanywa kwenye shule hii hii? Unajua walikuwa wananiitaje kwenye hizo kumbi? Nilikuepusha na haya!"

"Ulijiepusha wewe. Mimi nimekuja na pajama, wameniita bata basi zima, na bado nimekaa."

"Mkarimu kwa wageni, kwa wanawe mchoyo," Verna akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Funga mdomo, mama!" Joelle akamgeukia mkwewe. "Wewe furaha yako ni kuniona hivi. Ulinisubiri miaka yote!"

"Kweli," Verna akakubali. "Nilikusubiri. Lakini nilidhani nitafurahi zaidi."

Nje kengele ililia, viatu vikapita kwa mamia kwenye ukumbi. Keziah alivisikiliza vile viatu mpaka vikaisha. Kisha akanyanyuka, uso umemsawijika.

"Twende, mama," alisema. "Mwambie ulimruhusu. Sitaki bibi apoteze kazi yake kwa ajili yangu."

Joelle naye akanyanyuka upesi, kama mtu anayeogopa bei isije ikabadilika.

"Keti," Verna akasema.

"Bibi, inatosha. Nimeshaamua."

"Keti, nimesema! Hatch! Hebu njoo humu!"

Bwana Hatch akaingia, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amekwenda mbali. Verna akaziweka funguo juu ya meza, taratibu, kama anayelaza kitoto.

"Nilimbeba bila idhini. Mama yake alikuwa chini anapiga kelele nisimbebe, na basi zima lilisikia. Andika hivyo hivyo."

"Verna, fikiri kwanza."

"Nilifikiri njia nzima. Mtu mzima hawezi kukaa akitazama mtoto anamnunulia kazi." Akamgeukia mwanawe. "Haya, Lyle. Mimi nimetoa changu. Wewe hutakiwi kutoa kitu, unatakiwa kuandika jina lako tu."

Lyle akaichukua kalamu. Akaacha alama za vidole vya plasta kwenye fomu yote ya kuandikisha.

"Ukisaini hapo," Joelle akasema, "usirudi nyumbani leo."

Lyle akasaini. "Nitarudi," akasema. "Ni kwangu pia." Alisema kwa sauti ndogo, akimtazama Bwana Hatch badala ya mkewe, lakini alisema.

Keziah alimkumbatia bibi yake, na Verna akamwondoa shingoni. "Nenda, umeshachelewa." Wakamletea suruali na fulana kutoka kwenye kapu la nguo zilizosahauliwa. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Alipotokea ukumbini, wavulana wawili wakamlilia kama bata. Akapita katikati yao, akaenda zake darasani, na nyuma hakugeuka.

Plasta haimsubiri mtu, ikikauka kwenye ndoo ni hasara, kwa hiyo Lyle alirudi kazini. Verna alitoka kwa miguu. Gari lake lilikuwa nyumbani, maana basi alizoea kulilaza uani kwake, na sasa basi si lake. Alikuwa amefika kwenye duka la mbegu Joelle alipolisimamisha gari ubavuni mwake.

"Panda."

"Natembea."

"Watu wananitazama. Panda, wasije wakasema nimemtupa mkwe wangu barabarani."

"Ahaa! Nilidhani huruma." Verna akapanda, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.

Wakaenda. Joelle aliendesha kwa hasira, na Verna kila kona alikanyaga breki isiyokuwepo.

"Punguza mwendo."

"Leo si wewe dereva."

"Hilo nalijua. Nimeachishwa kazi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Ungepita tu kama kila mwaka, ungekuwa na kazi yako."

"Kila mwaka nilipita nikilia, Joelle. Macho mbele, nalia. Hukuwahi kuona kwa sababu ulikuwa unacheka."

Simu ikalia, ikapokelewa kwenye spika ya gari kabla hajaizuia. Ilikuwa sauti ya Renae, imejaa asali.

"Shoga yangu, pole jamani. Sisi tumeshaondoka. Watoto tumewaachia yule binti wangu mkubwa mpaka ufike. Sasa, ile video, sijui nani kaisambaza, imewafikia watu wote wa ushirika. Wameona ni vizuri upumzike kidogo na mambo ya uongozi. Unajua watu walivyo. Wanasema mama aliyekimbiwa na wa kwake, atatuongozea wetu?"

"Wewe ndiye uliyerekodi, Renae."

"Mimi? Kila mtu alikuwa na simu, mpenzi."

Joelle akakata. Aliendesha kidogo, akapaki pembeni ya shamba la mahindi, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Pole," Verna akasema.

"Usinipe pole."

"Sikupi. Imenitoka tu kwa mazoea."

"Umenipokonya mtoto."

"Hajapokonywa. Saa tisa atashuka mlangoni kwako. Ila hatakuwa mpishi wako, wala mwalimu wako. Hicho ndicho kinachokuuma."

Joelle akamgeukia, na Verna alijiandaa kwa tusi. Halikuja. Joelle akalirudisha gari barabarani.

Nyumbani wageni walikuwa wameacha sahani zao popote walipokuwa wamekaa. Shira ilikuwa imegandia kwenye ngazi na sisimizi wameshaitambua. Binti wa Renae alipoliona gari tu akaondoka, bila hata kuaga. Verna hakutaka kuingia, lakini kwake kulikuwa mbali na Joelle hakusema kama atampeleka, kwa hiyo akaingia, akasimama mlangoni na mkoba wake.

Asa na Jotham walikuwa mezani. Walikuwa wamevua pajama wenyewe na kuvaa suruali. Jotham alikuwa anachora. Asa alikuwa amekiweka kitabu chake cha hesabu mbele yake, kimefungwa, na penseli juu yake, imechongwa.

"Keziah yuko wapi?" Asa akauliza. "Huu ni wakati wa hesabu."

"Keziah kaenda shule."

"Atarudi?"

"Atarudi. Lakini hesabu leo nafundisha mimi."

Asa akamtazama mama yake kwa mshangao, kisha akamtazama bibi yake kule mlangoni kama anayeuliza kama ni kweli. Joelle akavua koti. Akavuta kiti, akaketi karibu na mwanawe, na gauni lake la kulalia. Aliona aibu. Aliiona mpaka masikioni, mbele ya mtoto wa miaka tisa na mbele ya mwanamke ambaye yeye alimchukia kuliko mtu yeyote duniani.

"Haya," akasema, akakifungua kitabu mwanzo kabisa.

"Hapo nilishapita, mama."

Akafungua mbele kidogo.

"Na hapo."

Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Kila ukurasa ulikuwa umesahihishwa kwa kalamu ya kijani, kwa mwandiko wa Keziah. Mikono yake ikaanza kwenda polepole. Asa aliona, akasogea, akamwegemea mama yake begani kama anayemwongoza mtu asiyejua njia.

"Usiogope, mama," akasema. "Wewe endelea kugeuza tu. Ukifika, nitakwambia."